Msingoje Darasa la Saba: Barua ya Wazi kwa Kamati za Shule za Msingi

Ndugu wenyeviti na wajumbe wa kamati za shule, nanyi walimu wakuu mnaoshika kalamu ya ukatibu,

Likizo ya mwezi wa sita inapokaribia, kamati za shule nyingi nchini Tanzania hukaa na ajenda ambayo haihitaji hata kuandikwa upya: kambi ya darasa la saba. Hupangwa madebe ya mahindi na maharage, kuni, fedha ya kudurufu mitihani, magodoro ya kuja nayo kutoka nyumbani, na walimu watakaolala zamu. Watoto huingia kambini wakafanya mtihani wa kata, wa ujirani mwema, wa wilaya, wa utamilifu wa mkoa, na katikati ya hiyo yote mtihani wa kila Ijumaa, mpaka zifike zile siku mbili za mwezi wa tisa. Najua kwamba nyuma ya ajenda hiyo upo uchungu wa kweli wa mzazi anayetaka mwanawe avuke, na upo mwalimu anayeacha familia yake jioni ili akae na watoto wa wenzake. Sitaki kuudharau uchungu huo wala jasho hilo. Ninachowaomba mkipime ni hiki: mambo yanayomsaidia mtoto ndani ya kambi ni ya kweli, lakini tunampa tukiwa tumeshamchelewesha miaka mitatu, kisha tunayatumia kumfundisha kuchagua herufi badala ya kumfundisha kusoma na kuandika. Nguvu hiyohiyo ingehamishiwa darasa la nne, la tano na la sita, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi usingehitaji kambi.

Nianze na jambo lililobadilika huku desturi zetu zikibaki palepale. Wazazi wengi wa leo wamekua wakitofautisha maneno mawili, kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto aliweza kufaulu vizuri na asichaguliwe, kwa kuwa sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu na kila wilaya ilijua nafasi zake. Mtihani ulikuwa tundu la sindano, na kambi, kwa mantiki ya wakati ule, ilikuwa silaha. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004 na shule za kata zikazagaa nchini, na tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, tundu hilo limekuwa mlango. Mwaka 2023 walifaulu asilimia 80.58 ya watahiniwa, mwaka 2024 asilimia 80.87, na waliofaulu wote walipangiwa shule. Linganisheni na mwaka 2012, ufaulu ulipokuwa takriban asilimia 31. Ushindani wa kweli uliobaki ni wa nafasi chache za shule kama Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Msalato, nao unawahusu watoto wachache mno katika wilaya nzima. Kwa watoto wengi wa shule yenu, nafasi ya kidato cha kwanza si kitendawili tena. Kitendawili ni kile watakachokuwa nacho kichwani siku watakapoikalia nafasi hiyo.

Hapa naomba tupige hesabu pamoja, kwa sababu inaeleza mengi kuliko asilimia zinazotangazwa redioni. Masomo ni sita, kila moja lina alama 50, jumla 300, na daraja C, ambalo ndilo mwanzo wa kufaulu, linaanzia alama 121. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, kila karatasi ina maswali 45. Arobaini ya kwanza ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano na kuweka kivuli, alama moja kwa kila swali. Matano ya mwisho ni ya kuandika, alama mbili kwa kila swali. Sasa mchukueni mtoto anayejua kwa hakika maswali 15 tu kati ya yale 40, haandiki hata neno katika yale matano ya mwisho, na mengine 25 anaweka kivuli kwa kubahatisha. Kwa kawaida ya bahati, moja kati ya kila matano litaangukia mahali pake, naye ataokota alama tano. Ana alama 20 kati ya 50. Akifanya hivyo katika masomo yote sita, ana 120. Amebakiza alama moja aitwe amefaulu, na kambi ikimfundisha kuyatupa majibu mawili yasiyowezekana kabla ya kubahatisha, atavuka mstari huo bila shida. Mtoto huyo anajua theluthi moja ya alichofundishwa, na hajathibitisha popote kwamba anaweza kuunda sentensi. Silaumu muundo wa mtihani peke yake, maana kusahihisha karatasi za watoto zaidi ya milioni moja kwa majuma machache ni kazi nzito, na maswali ya kuandika yamerudishwa baada ya kipindi ambacho karatasi zilikuwa za kuchagua tupu. Nasema tu kwamba ukiyafanya maandalizi yako yote kuwa maandalizi ya kuweka kivuli, unaweza kumvusha mtoto na usiwe umemsaidia.

Hilo limewahi kutokea mbele ya macho yetu. Mwaka 2012 nchi ilitaharuki ilipobainika kwamba miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwamo zaidi ya 5,000 wasiojua kusoma na kuandika. Walikuwa wamefanya mtihani, wamefaulu, wamechaguliwa. Miaka miwili kabla ya hapo, ripoti ya kwanza ya Uwezo Tanzania ilikuwa imeshaonyesha chanzo chake: watoto walipimwa majumbani kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na ikaonekana kwamba miongoni mwa wanaomaliza shule ya msingi, mmoja kati ya watano hakuweza kuisoma kwa Kiswahili, na nusu hawakuweza kuisoma kwa Kiingereza. Tangu wakati huo yamefanyika mengi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulirekebishwa mwaka 2015 ili uzingatie kusoma, kuandika na kuhesabu, na upimaji wa darasa la nne umepewa uzito. Hata hivyo, katika matokeo ya darasa la saba Kiingereza na Hisabati bado vinaburuta mkia mwaka hadi mwaka, huku Kiswahili kikiwa juu. Mtoto anayetoka hapo anaingia sekondari ambako kuanzia Januari biolojia, jiografia na historia zote anafundishwa kwa Kiingereza, na mitihani yake ni ya kueleza, kufafanua na kujadili. Wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza haziwezi kuziba pengo la miaka saba. Yule wa alama 120 na kitu anakaa dawati la nyuma akinakili ubaoni maneno asiyoyaelewa, na mzazi aliyechinja kuku kusherehekea matokeo anashangaa mwaka wa pili kwa nini mwanawe amekuwa mtoro.

Kwa hiyo kambi haina faida? Ina faida, na ni vizuri tuitambue kwa majina yake, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ifumueni kambi kama mnavyofumua mkeka, muone imesukwa kwa miyaa gani. Mtoto aliye kambini anakula mchana na usiku. Hachoti maji kilomita mbili kabla ya kwenda shule, hachungi, halei wadogo zake jioni. Ana taa. Amezungukwa na wenzake wanaofanya kazi ileile. Na zaidi ya yote, mwalimu yupo: anaingia darasani, anakaa, anauliza, anasahihisha. Hayo matano ndiyo yanayopandisha alama. Hakuna hata moja kati yake linalohitaji mtoto wa miaka 13 alale kwenye sakafu ya darasa miezi mitatu, mbali na mama yake, chini ya ulinzi ambao mara nyingi ni mlinzi mmoja na kitasa kibovu. Kwa binti wa umri huo hatari yake haihitaji kuelezwa, na kila mjumbe wa kamati mwenye binti nyumbani anaijua. Chakula cha mchana, saa moja ya kujisomea kabla ya kurudi nyumbani, makubaliano na wazazi kuhusu kazi za jioni, na mwalimu aliye darasani katika kipindi chake: hivyo vinawezekana mchana, shuleni, kwa watoto wa darasa la nne kama kwa wa darasa la saba.

Kuhusu hilo la mwalimu kuwapo, lipo jambo gumu ambalo lazima lisemwe kwa heshima. Utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma za elimu, uliofanyika hapa nchini mwaka 2014, uliwakuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa vipindi. Wengi wao walikuwa palepale shuleni. Mtoto aliyepangiwa takriban saa sita za masomo kwa siku alikuwa akifundishwa chini ya saa tatu. Sababu zake mnazijua kuliko mtafiti yeyote: taarifa zinazotakiwa leo hii na ofisi tatu tofauti, vikao, safari ya kufuatilia madai mjini, daftari 120 za kusahihisha, na uchovu wa mtu anayefundisha darasa ambalo sauti yake haifiki nyuma. Lakini tazameni maana yake. Saa tunazozitafuta usiku wa kambi ni zilezile zilizotuponyoka mchana, tena si za mwaka mmoja, ni za miaka saba. Mtoto akipoteza hata saa moja tu ya masomo kwa siku kuanzia darasa la nne hadi la sita, kwa siku 194 za masomo kwa mwaka amepoteza saa 582. Hakuna kambi ya miezi mitatu itakayozirudisha zote. Kamati yenye nia ya kusaidia mtihani ingeanza kwa kuuliza, katika kila kikao, ni vipindi vingapi vya darasa la nne vilifundishwa mwezi uliopita na ni nini kiliwatoa walimu darasani, kisha ikapigania kukiondoa.

Nije kwenye mitihani ya majaribio, ambayo ndiyo moyo wa kambi zetu. Wapo wanaodhani mtu anayezipinga kambi anapinga pia majaribio. Mimi sivyo. Kujaribiwa ni njia nzuri mno ya kujifunza. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angefaa kulijua. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena na tena, wengine walikisoma kisha wakafunika kitabu na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza, kukaririshwa jana kunang'aa leo na kufifia wiki ijayo, na ndiyo maana kambi inaweza kuonekana imefanya maajabu mwezi wa tisa na Januari kusiwe na kitu. La pili, jaribio linalofundisha ni lile linalomlazimisha mtoto kulitoa jibu kichwani mwake mwenyewe, kwa maneno yake. Karatasi ya kuweka kivuli haimlazimishi hivyo. Mwalimu akichukua mtihani wa zamani, akafunika yale majibu matano na kuwaachia watoto swali tupu waliandikie jibu, ameufanya mtihani uleule kuwa somo. Haongezi gharama yoyote, na madaftari yapo.

Kuna pia kosa la kufanya mtihani na kutourudia. Katika msimu wa kambi mtihani wa Ijumaa unasahihishwa Jumamosi, unapangwa nafasi Jumapili, na Jumatatu tayari mwingine upo mezani. Mtoto anajua amekuwa wa 34, hajui amekosea wapi. Sisi wazazi tunauliza nafasi, hatuulizi swali la 17 lilimshinda kwa nini. Na zana ya kulijibu swali hilo ipo, tena ya bure. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zinazoeleza kila swali lilipima nini, wangapi walilipata, na waliokosea walichagua jibu gani na kwa kudhani nini. Humo mwalimu wa Hisabati ataona jinsi watoto wanavyojumlisha sehemu kwa kujumlisha namba za juu na za chini kana kwamba ni namba nzima, na yule wa Kiswahili ataona jinsi mtoto anavyochagua jibu lenye neno aliloliona kwenye kifungu bila kujali swali limeuliza nini. Ningependa kuona kamati inatenga fedha ya kuchapa taarifa hizo sita na kuziweka ofisi ya walimu, kabla haijatenga hata shilingi moja kwa mtihani wa ujirani mwema wa nne. Mitihani miwili iliyorudiwa swali kwa swali darasani inamfaa mtoto kuliko kumi iliyopangiwa nafasi tu.

Lakini hata matumizi bora ya majaribio hayatamfaa asiyeweza kusoma swali lenyewe, na hapo narudi darasa la nne. Swali la Hisabati linalosema mfanyabiashara alinunua magunia 12 akauza matatu kwa faida ya asilimia fulani ni swali la kusoma kabla halijawa swali la kukokotoa. Sayansi ni kusoma. Uraia na Maadili ni kusoma. Mtoto asiyesoma kwa wepesi anapoteza alama katika karatasi zote sita, na kumpa mazoezi zaidi ya sayansi ni kumpaka dawa ya kidonda mahali pasipo na kidonda. Kwa hiyo maandalizi ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yaanze na kazi ya siku mbili mwezi wa kwanza: kila mtoto wa darasa la nne, la tano na la sita aitwe mmoja mmoja, asome kwa sauti hadithi fupi ya darasa la pili, kisha aulizwe maswali mawili ya ufahamu. Wajumbe wa kamati wanaojua kusoma wanaweza kuifanya kazi hiyo, haihitaji shahada. Wanaokwama wawekewe kipindi chao kila siku, saa moja, wakipangwa kwa kiwango walichofikia na siyo kwa darasa wanaloandikishwa. Mpango wa namna hii umeenezwa sana India na shirika la Pratham. Karibu nasi zaidi, utafiti uliofanyika katika shule 121 za magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la kwanza walipogawanywa kwa kiwango chao, walinufaika wa juu na wa chini pia, kwa sababu kila mwalimu alipata watoto anaoweza kuwafundisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ongezeni hapo mazoezi ambayo babu zetu waliyajua na sisi tumeyaacha: imla mara mbili kwa wiki, kusimulia kwa maneno yako kifungu ulichosoma, na aya moja ya kuandika kila siku, hata ikiwa ni mistari minne kuhusu mvua ya jana. Mtoto aliyeandika mistari minne kila siku kwa miaka mitatu hataogopa maswali matano ya mwisho.

Najua pingamizi litakalotangulia: shule fulani ilianzisha kambi, ikapanda kutoka mkiani hadi nafasi ya tatu wilayani. Siikatai habari hiyo, ila naomba tuulize ilipandaje. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza mwaka 2013 ulizipanga shule zote za msingi kwa matokeo ya darasa la saba na kuzipaka rangi, kijani, njano na nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia matokeo yake, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2021. Walikuta kwamba shule zilizokuwa za mwisho katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Walikuta pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Wale waliodhaniwa watashusha wastani hawakuufanya mtihani. Sidhani kuna mwalimu aliyekaa akapanga kumdhuru mtoto. Presha ya nafasi ilimfikisha hapo, kwa kumkaririsha darasa huyu, kumkatisha tamaa yule, kutomfuatilia mtoro wa tatu. Presha hiyohiyo imewafikisha wengine kwenye wizi wa mtihani, na mwaka 2018 watoto wa shule zote za wilaya ya Chemba walilazimika kuurudia mtihani mwezi wa kumi kwa makosa ya watu wazima. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Nafasi zinaendelea kutangazwa na sisi wenyewe, katika mikutano ya wazazi na kwenye makundi ya simu. Kamati ikitaka kujua kama kambi ilisaidia, iangalie walioandikishwa darasa la nne miaka mitatu kabla walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani ni wangapi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la uhaba. Walimu ni wachache, darasa la tatu lina watoto 150, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, tena 4,000 kati yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Mtatoa wapi nguvu ya kushughulika na darasa la nne? Jibu langu ni kwamba uhaba ndio hasa sababu ya kuihamisha. Tazameni ratiba ya shule yenu. Ni nani anafundisha darasa la saba, na ni nani amepewa la tatu na la nne? Katika shule nyingi wale mahiri wamewekwa juu, ambako watoto wameshapungua kwa mdondoko na kukaririshwa, na mwalimu mpya au wa kujitolea ameachiwa bahari ya watoto huku chini. Kumpeleka mwalimu wa Kiswahili aliye hodari kuliko wote darasa la nne ni uamuzi wa kikao kimoja, usiohitaji kibali cha wizara. Na mchango wa kambi, ambao wazazi wameshazoea kuutoa kwa miezi mitatu ya mwaka wa saba, ukigawanywa katika uji wa mchana kwa madarasa manne ya juu mwaka mzima, utakuwa mdogo kwa kila mzazi na utamfikia mtoto wakati bado unaweza kubadili kitu. Utahitaji kufuata taratibu za michango zilizowekwa, na bila kumfukuza mtoto wa asiyeweza kutoa.

Wapo watakaosema wazazi wenyewe ndio wanaodai kambi, na kamati itakayoifuta itaonekana haijali. Ni kweli. Mzazi anadai anachokijua. Siwaombi muifute mwaka huu mbele ya watoto ambao tayari wako darasa la saba, maana hao tumeshawachelewesha na tunawadai msaada wetu wote. Kwao ninaomba mambo machache. Wasome mchana na wakalale kwao, isipokuwa wale wanaotoka mbali mno. Majaribio yao yapunguzwe na yarudiwe. Wasiojua kusoma wasifichwe wala kushawishiwa kubaki nyumbani siku ya mtihani. Wapewe saa yao ya kusoma kila siku, maana alama watakazopata Septemba ni jambo dogo kuliko kuondoka shuleni hawajui kusoma. Na wazazi waambiwe wazi wanachoweza kukifanya nyumbani bila kuwa na elimu yoyote: mtoto ale kabla ya kutoka, alale kwa muda wa saa tisa, apunguziwe kazi za jioni kwa haki, kaka na dada kwa kipimo kimoja, na kila usiku amsimulie mkubwa mmoja alichojifunza mchana. Bibi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza, "Kisha ikawaje?" Swali hilo ni mtihani wa ufahamu kamili.

Sababu ya kuandika sasa na si mwaka mwingine ni kalenda. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Kwa mpango uliotangazwa, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza katika darasa la sita, mwaka 2027, sambamba na waliowatangulia watakaomaliza la saba. Shule zitakuwa na madarasa mawili yanayoondoka kwa pamoja, kwa vyumba vilevile na walimu walewale. Yeyote anayedhani atawaweka wote kambini na kuwakaririsha ndani ya miezi mitatu afanye hesabu ya sakafu na ya maharage. Na mtaala mpya unadai mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, si kutambua tu jibu lililoandikwa na mwingine.

Ombi langu kwa kikao chenu cha kwanza cha mwaka ni dogo. Iandikwe ajenda moja juu ya ile ya kambi: usomaji wa darasa la nne. Mwalimu mkuu alete namba moja tu, ya watoto walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili na kujibu maswali yake mawili. Kikao kiamue ni mwalimu gani atapewa darasa hilo na ni saa ipi ya siku haitaguswa na mtu. Mwezi wa sita, kabla ya kupanga madebe ya mahindi, watoto walewale wasomeshwe tena hadithi nyingine ya kiwango kilekile, na namba zote mbili, ya Januari na ya Juni, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo pale pale mnapobandika taarifa ya ruzuku, mzazi apitaye azisome.